Pau

Fomu ilikuwa na kurasa sita.
Afisa ustawi akauliza: "Jina la mtoto?"
Nikasema Atija.
Akaandika Hadija. Nikamwomba afute.
Akanitazama kama mtu anayedai chenji ya shilingi hamsini,
akafuta, karatasi ikachanika kidogo
pale kwenye A.

Penye "Anakotoka" akaandika: Nje ya nchi.

Hiyo nje ya nchi mimi naiona nikienda kazini.
Ukisimama Shimo la Mungu, ukungu ukishapanda,
iko pale chini, ng'ambo ya Ruvuma,
inachoma mashamba kama sisi,
na moshi wake unakuja kukohoza watu wa Newala.

Mimi ni karani wa mizani, chama cha msingi.
Miaka kumi na tisa napima korosho za watu.
Gunia nalipima kwa macho, nikakwambia
limepungua kilo mbili, na zimeliwa na nani.
Lakini siku nilipombeba Atija kutoka stendi,
mgongoni, miaka minne, na mfuko wake wa nailoni,
nilifika nyumbani sijui nilichobeba.
Somoe akasema: "Mbona unahema?
Mtoto mwenyewe unyoya."

Wiki ya kwanza hakusema.
Wiki ya pili akasema: "Pau."
Nikaangalia juu, kwenye pau,
nikadhani ameona nyoka, au mchwa,
au bati linaachia.
Nikaleta ngazi, nikapanda na tochi kwapani,
nikagonga upau mmoja mmoja kama fundi mwenye wazimu.
"Huu? Au huu?"
Yeye chini, kidole mdomoni: "Pau. Pau."
Mama Nandonde, aliyewahi kuuza mitumba Mueda,
akachungulia dirishani, akacheka mpaka kanga ikamdondoka:
"We Chilumba, mtoto anataka mkate!"

Mkate.
Nikashuka na utando wa buibui kichwani.
Atija akanitazama, akautazama ule utando,
na kitu kikamtoka puani, kifupi, kama chafya.
Somoe anabisha mpaka leo,
lakini mimi nilikuwepo. Kile kilikuwa kicheko.

Wapo wanaosema. Shemeji yangu anasema:
"Damu usiyoijua, utakuja kuijua."
Msikitini mtu kaniuliza kama serikali inanilipa.
Mama yangu alikaa kimya siku tatu,
kisha akaleta kuku mmoja na kigoda kidogo,
hakusema ni cha nani.

Alichokiona ng'ambo ya mto sikijui.
Karatasi zina mistari miwili tu.
Mvua ikianza kupiga bati anaingia mvunguni.
Nami naingia, miguu yangu inabaki nje,
tunalala hivyo, na vumbi, na ndoo ya maji ya akiba,
mpaka bati linyamaze.

Mto mmoja aliuvuka.
Mto mwingine, wa kulalia, anaufichia mkate.
Sisimizi wakaja. Somoe akataka kukung'uta.
Nikamwambia acha, tutoe wa jana tuweke wa leo,
polepole, kama mtu anayeongeza mafuta
taa ikiwa inawaka.
Tunafanya hivyo tangu Aprili.

Leo ghalani foleni imefika barabarani.
Zamu ya mzee Namkopa na magunia yake manne,
nikaingiza mkono mfukoni kutafuta kalamu.
Nikakuta ncha ya boflo,
imekauka, imeviringwa
kwenye karatasi ya daftari.

Mzee akauliza: "Vipi karani, hesabu imepotea?"
Nikasema ngoja.
Mizani ilikuwa pale mbele yangu, tupu,
sindano kwenye sifuri.

Sikuipima.